Udongo Mweusi wa Bonde la Lukuga

Kosa ambalo habari hii italifunua linaitwa dharau ya aliyesoma. Si dharau yenye kelele, wala haimtukani mtu hadharani. Ni ile ya kimya, ya kumjua mwenzako kwa kazi moja tu unayomwona akiifanya, kisha ukadhani kwamba maarifa yake yote yanaishia hapo. Nimewakemea wengi kwa kosa hili, vijana na wazee, na haki inanidai nianze na langu mwenyewe.

Miaka ile ya Zaire nilikuwa mwalimu kijana wa jiografia, profesa kama tulivyoitwa walimu wote wa sekondari, katika shule moja ya sekondari ya Kalemie. Baba yangu alikuwa karani wa reli. Nyumbani kwetu chakula kilitoka sokoni, na jembe nililijua kama chombo cha Jumamosi, siku ya salongo, kazi ya pamoja ambayo Serikali iliwalazimisha raia wote waifanye. Nilikuwa na kitabu kimoja cha Kifaransa ambacho jalada lake lilikuwa limeshonwa upya kwa uzi wa nyavu, na ndani yake sura niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile ya kilimo cha India na nchi jirani zake.

Niliipenda kwa sababu ilionyesha binadamu akipatana na ardhi. Kulikuwa na wakulima wa mpunga waliosimama katika maji hadi magotini, kwenye udongo laini ulioletwa na mito mikubwa. Wakulima wa ngano huko kaskazini. Wachuma chai wa miteremko yenye ukungu. Watu wa vilima waliofyeka msitu, wakauchoma, wakalima miaka michache na kuhamia pengine, kama wanavyofanya baadhi ya watu wetu wa bara. Kulikuwa pia na watu wa udongo mweusi wa nyanda za Dekani, udongo wa pamba na mtama. Misimu yao niliihifadhi kwa majina: kharifu, mazao yanayopandwa mvua kubwa zinapoingia, na rabi, yanayopandwa mvua zikishaondoka, yakakua kwa ubaridi, kwa umande na kwa unyevu ulioachwa ardhini. Jambo hilo la mwisho lilinistaajabisha. Zao linalokua bila mvua hata moja, likiishi kwa akiba ya udongo tu, kwangu lilikuwa kama muujiza uliothibitishwa kwa ramani.

Niliichora ramani ile ubaoni kwa chaki za rangi. Watoto wa Nyunzu, Kabalo na Manono, waliokuja kwetu kwa treni na kulala katika bweni la shule, waliweza kuutaja udongo wa Dekani wakiwa wamefumba macho.

Mitaa miwili kutoka shuleni aliishi Muhindi mmoja, mzee mwembamba aliyekuwa na duka la vitambaa, ndoo, taa na misumari. Serikali ilipoyatwaa maduka ya wageni na kuyakabidhi kwa raia, duka lake nalo lilipata mmiliki mpya, na huyo mpya, asiyejua bei wala mahali pa kupata mali, akamwomba abaki ghalani. Akabaki. Nilipita mbele ya mlango ule kila siku nikiwa na kitabu changu kwapani. Nilikuwa nimenunua kwake kitambaa cha suti yangu ya kwanza ya abakosti, ile isiyovaliwa na tai, nikamtazama akikipima kwa mkono wake mrefu, wala haikunijia hata mara moja kwamba mkono ule uliwahi kushika kitu kingine zaidi ya kipimo.

Mwaka ninaousimulia, treni zilianza kuadimika. Mahindi na maharagwe ya bweni yalikuwa yakitoka Nyunzu na Kabalo. Sasa behewa lilikuwa likingojwa majuma, na lilipofika lilikuwa limebeba vingine. Mwezi wa nne prefe, ndivyo tulivyomwita mkuu wa shule, alituita walimu na kutangaza uamuzi wake. Kama shule haitakuwa na chakula chake chenyewe ghalani mwezi wa tisa, bweni halitafunguliwa. Wanaotoka mbali watabaki kwao.

Katika darasa langu la tano alikuwepo binti mmoja wa Nyunzu, mtulivu, mwenye akili kali kuliko wote. Mwaka uliokuwa unakuja ndio ulikuwa mwaka wake wa mtihani wa Serikali. Hakuwa na ndugu mjini Kalemie, wala mtu wa kumpokea. Bweni likifungwa, shule kwake ilikuwa imekwisha. Hakulalamika. Siku iliyofuata tangazo hilo alinyoosha mkono katikati ya somo na kuniuliza swali ambalo hakuna mwanafunzi aliyekuwa amewahi kuniuliza.

"Profesa, na sisi hapa tuko na udongo gani?"

Sikujua. Mtu mkweli angesema hajui. Mimi nilitazama dirishani, nikaona upande wa pili wa barabara bonde la Lukuga linavyoanza, ambako nyasi zilikuwa zimechomwa miaka nenda miaka rudi na ardhi ilikuwa nyeusi kabisa, na nikajibu bila kusita kwamba hapa petu tuna udongo mweusi, ndugu wa ule wa Dekani. Darasa likaandika.

Kutoka katika jibu hilo ukazaliwa mpango. Nilimwendea prefe nikamweleza kwamba hatuna haja ya kungoja mvua za mwezi wa kumi. Tutapanda maharagwe mara mvua zitakapokoma, kama wakulima wa rabi, na udongo mweusi utayalea kwa unyevu wake hadi mavuno. Prefe aliupenda mpango huo, na hasa alipenda mahali penyewe. Shamba lingekuwa kando ya barabara, na kiongozi yeyote anayepita angeona salongo ya shule yetu kutoka garini. Wasiokuwepo nyakati zile watashangaa. Waliokuwepo wanajua ni mashamba mangapi yaliyochaguliwa kwa kutazamwa.

Jumamosi tatu tulilima. Wanafunzi walipanga mistari iliyonyooka kama ya daftari, nami nikitembea katikati yao na kitabu mkononi. Akina mama wanaolima kule chini bondeni walipita wakirudi na beseni zao kichwani. Mmoja wao, mama mnene mwenye sauti nzito, mjane aliyekuwa akilima mihogo na viazi vitamu karibu na mto, alisimama, akatutazama kwa muda, akaniuliza:

"Profesa, munapanda maharagi ao munayazika?"

Wanafunzi walicheka, kisha wakanitazama usoni, wakaacha kucheka. Nilimjibu yule mama kwa upole wa mtu anayemsamehe mjinga. Nilimweleza habari za Dekani. Alisikiliza hadi mwisho, akaweka sawa beseni lake na kusema niwasalimie sana watu wa huko Dekani.

Maharagwe yaliota vizuri. Siku kumi shamba lilikuwa la kupendeza. Kisha upepo wa kiangazi ukaanza kuvuma kutoka ziwani, na katikati ya mwezi wa tano majani yakawa ya manjano, yakajikunja, na miche ikalala mstari baada ya mstari, mistari yenyewe ikiwa bado imenyooka sana. Prefe akasema atangojea hadi mwisho wa mwezi, kisha ataandika barua kwa wazazi. Nilimwona binti wa Nyunzu akikaa kwenye kizingiti cha bweni, akinakili daftari zangu zote za jiografia kwa haraka, hata za madarasa aliyokwisha kuyapita. Sikumwuliza sababu, kwa maana niliijua. Anayenakili hivyo anajua kwamba hatarudi.

Nikaamua kumwagilia. Nilikwenda dukani kutafuta ndoo, na yule mzee Muhindi, akiwa amekaa juu ya gunia mlangoni pa ghala, akauliza profesa ana haja gani na ndoo sita. Nilimweleza kwa ufupi, jinsi mtu anavyomweleza asiyehusika. Nilitamka neno rabi, nikitegemea kwamba halitamwambia kitu.

Aliinuka kutoka juu ya gunia.

Aliniuliza neno hilo nimelipata wapi. Nikamwambia kitabuni. Akatabasamu, kisha akauliza kwa Kiswahili chake cha ziwani, kilichonyooka kuliko cha wengi wetu:

"Udongo wako huo, ukikauka unapasuka?"

Nikasema sijaangalia.

"Profesa," akasema, "udongo mweusi wa kwetu ukikauka unafunguka nyufa. Mtoto anaweza kutia mkono mzima. Tunasema unajilima wenyewe. Kama haupasuki, ni mweusi kwa macho tu."

Hivyo nikajua, nikiwa mwalimu kwa mwaka wa sita, kwamba mtu aliyenipimia kitambaa alikuwa mtoto wa mkulima wa udongo uleule niliokuwa nikiupaka kwa chaki ya rangi ubaoni.

Jumapili asubuhi alikuja shambani na kandambili zake. Hakutazama mistari. Alichuchumaa, akachukua udongo, akautemea mate, akauviringisha katikati ya viganja ili aufanye kamba nyembamba. Ukakatika. Akachimba kwa mkono, na kabla kiwiko hakijazama akatoa mchanga wa rangi ya asali, mkavu, uliomwagika kati ya vidole vyake. Weusi wote ulikuwa masizi ya nyasi zilizochomwa, unene wa vidole vitatu.

"Ni mchanga umevaa koti," akasema.

Nilipaswa kunyamaza, lakini kiburi hakifi siku moja. Nikaanza kumkaririia sura yangu, aina za udongo na za mazao, kana kwamba nataka anipe alama. Alinisikiliza kwa heshima. Mengi, alisema, ni ya kweli. Ila kitabu kinasema watu wa India wanakula wali, na kwao wali ulikuwa chakula cha harusi. Wao walikula mikate ya mtama. Kitabu kinataja tarehe za kupanda, na baba yake hakuwa na tarehe. Mvua zikiisha, baba yake alivua viatu akatembea katika shamba kila alfajiri, na siku nyayo zilipomwambia kwamba ardhi imeacha kuteleza lakini bado ina ubaridi, siku hiyo alipanda. Jirani aliyewahi siku nne aliozesha mbegu; aliyechelewa siku nne alivuna nusu. Wajomba zake, waliokaa karibu na mto mkubwa, walilima ngano katika tope jipya la kila mwaka na kuwacheka watu wa pamba. Alisimulia hayo akiwa amechuchumaa, akichora mitaro kwa kidole, nami nikayaona mashamba yale kwa mara ya kwanza, ingawa nilikuwa nimeyafundisha kwa miaka.

Ndipo yule mama mjane alipopita. Mzee akamwamkia kwa adabu na kumwuliza swali ambalo mimi nisingeliwaza: ni wapi bondeni mbuzi wanavunjika miguu wakati wa kiangazi?

Mama hakushangaa hata kidogo, akamjibu akimwita Papa, yaani baba, kama tunavyowaita wazee kwetu. "Njo kule chini, Papa, nyuma ya matete. Ardhi inapasuka kama midomo ya mugonjwa. Hakuna muntu analima pale. Mvua ikinyesha jembe inashikamana, ikikauka inakuwa jiwe."

"Na katikati?" mzee akauliza. "Mvua imekwisha na bado haijawa jiwe?"

Mama akafikiri. "Katikati ni siku kidogo tu, Papa. Nani atazingojea?"

Tulikwenda, sisi watatu. Nyuma ya matete mto ulikuwa umerudi nyuma kutoka katika ukingo wake majuma machache tu yaliyopita, na ardhi ilikuwa nyeusi tii, nzito, ikimeta. Nyufa zilikuwa zinaanza kuchorwa pembezoni. Mzee akavua kandambili, akatembea. Alitembea muda mrefu, polepole, akisimama na kusonga, macho yake hayapo chini bali mbele, kama mtu anayesikiliza. Aliporudi alisema tuna siku sita au saba. Kisha akasema maharagwe hayatafaa hapa. Mizizi yake ni ya juujuu, na udongo huu ukipasuka utaikata. Panahitajika dengu.

Dengu alizijua mama mjane kwa kuziona tu, punje za kahawia zenye ncha kama mdomo wa ndege, zilizokuja kwa mashua kutoka Kigoma. Hakuna aliyekuwa nazo mjini isipokuwa mzee mwenyewe. Alikuwa na magunia mawili nyumbani, na hayo yalikuwa chakula cha nyumba yake na cha jamaa zake wachache waliobaki Kalemie, kwa kuwa tangu duka lilipotoka mikononi mwake hakuwa tena na njia ya kuagiza. Aliyatoa yote mawili. Nilipotaka kushukuru, alisema mkewe atanung'unika siku tatu, kisha watakula maharagi kama watu wengine. Alitia punje chache katika kitambaa chenye maji akazifunga siku tatu, kuona ngapi zitaota, na zilipoota akanionyesha mkia mdogo mweupe wa kila moja kwa furaha ya mtu anayeonyesha picha ya nyumbani.

Likabaki lililokuwa juu yangu. Prefe alikataa. Shamba la nyuma ya matete halionekani barabarani, alisema, na shule haiwezi kuacha kazi iliyokwisha kuonwa na wakubwa. Alinitaka niendelee na ndoo. Ningeweza kusema kwamba mbegu zilikuwa mbaya, au kwamba mwaka ulikuwa mbaya, na yeye angekubali na kuandika barua zake kwa wazazi. Badala yake nilisimama mbele ya walimu wote nikasema kwamba mahali pale nilipachagua mimi bila kuchimba hata shimo moja. Kisha nikaenda darasani kwangu kusema hivyohivyo, na huko kulikuwa kugumu zaidi.

"Niliyowaambia juu ya India ni ya kweli," nikawaambia. "Niliyowaambia juu ya hapa niliyatunga. Futeni."

Hawakufuta. Lakini siku ya Jumatano, ambayo si siku ya salongo na hakuna mkubwa aliyekuwa anaitazama, darasa zima lilikuja nyuma ya matete, na prefe hakutuzuia.

Mzee alitufundisha kupanda. Shimo la kina cha kiganja, punje mbili, kisha kisigino kiibane ardhi ili pumzi yake isitoke. Akakataza tone lolote la maji. Mtoto aliyekuja na ndoo alirudishwa nayo. Mama mjane, ambaye hakuwa amealikwa, alileta wenzake wanne na majembe yao, akasema amekuja kuona profesa akizika tena.

Likizo ya mwezi wa saba ilifika na treni haikufika, kwa hiyo watoto wa mbali, binti wa Nyunzu miongoni mwao, walibaki, wakipalilia asubuhi na kula kile ambacho akina mama waliwagawia. Kila Jumapili mzee alikuja. Dengu zilipofika urefu wa kiganja alituamuru tuzichume ncha, na sisi tukaogopa, hadi alipokata ya kwanza mwenyewe na kutueleza kwamba ukimkata huyu kichwa anaota matawi. Majani yalikuwa machachu kwa namna ya limau. Umande wake uliwasha mashavu ya miguu na kuzichubua kandambili zetu. Mama mjane aliyapika na mawese, akaonja, akakubali kwa kichwa. Nyufa zilifunguka kati ya mistari, pana za kutia mkono, na kando ya nyufa hizo mimea ilisimama kijani huku bonde zima likiwa limegeuka rangi ya majani makavu. Nilikwenda jioni nyingi kuitazama tu. Nilikuwa nimeuita muujiza uliothibitishwa kwa ramani. Sasa nilijua kwamba ulithibitishwa na nyayo za mtu.

Tulivuna mwanzoni mwa mwezi wa tisa. Ghala la bweni lilijaa hadi usawa wa dirisha, na magunia mawili ya dengu yakarudi nyumbani kwa mzee, mkewe akiyapokea mlangoni kwa uso wa mtu aliyekwisha kununa siku tatu na kumaliza. Prefe alifungua bweni. Barua hazikuandikwa.

Siku ya ufunguzi tulisimama uwanjani mbele ya bendera. Prefe alitoa hotuba nzuri. Alilishukuru Chama, akaishukuru Serikali, akawashukuru wakubwa wa mji waliohudhuria, akaishukuru bidii ya salongo. Alipokunja karatasi yake, katika mstari wa darasa la sita mkono ulinyooshwa. Alikuwa binti wa Nyunzu. Aliomba ruhusa ya kusema kwamba mmoja amesahauliwa, yule mzee aliyetoa mbegu.

Prefe akauliza jina lake ili alitaje. Binti akageuka kunitazama mimi, mwalimu wake, aliyepita mbele ya mlango ule kwa miaka sita, na mimi nikatazama chini, kwa maana sikuwa nalo. Hakuna katika sisi aliyewahi kumwuliza. Basi akageuka tena mbele, akalitaja lile ambalo akina mama wa bondeni walikuwa wamempa, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani:

"Papa Dengu."